Yule Mama Hakuja Kuniogesha

Karatu, 12/8/1982

Kwako Mjomba Clemensi,

Mguu wangu wa kulia unakuamkia. Wa kushoto, huu uliolemaa, umegoma. Habari za huku ni viatu tu. Nashona kuliko wenzangu wote chuoni, hadi katibu kata anatembea na kazi yangu.

Nasikia umemshtaki Bi Evarista kwa balozi wa nyumba kumi, eti kaniiba, na unataka nirudishwe Baray. Mjomba, kichwa chako kigumu kuliko soli! Siku ile alipokuja kwako alikuambia yeye ni mratibu wa walemavu. Wewe ukamtupia ndoo: "Kama umekuja kumsaidia, kachote maji umwogeshe, halafu ukanipalilie shamba!" Mimi nilikuwa ndani napukuchua mahindi yako, na aibu nikaiona mimi.

Yule haogeshi watu, wala haibi. Kazi yake ni kumuuliza mlemavu anataka nini, kisha amtafutie pa kukipata. Mimi na ndevu zangu nilimwambia nataka kuondoka kwako. Ndipo akanitafutia chuo hiki cha kushona viatu. Balozi akitaka, aje aniulize mwenyewe. Nitamjibu hivyo hivyo, mbele yako.

Ni mimi,
Fundi Patrisi