Mganga wa Kwenye Filamu

Nkoma, Mbale
4 Mei 2025

Baba mpendwa,

Asalaam alaykum. Mimi mzima, ila usingizi sipati. Mgongo wako vipi? Mama anakupaka dawa, au mnagombana tu?

Baba, kuna filamu ya zamani ya Wazungu inazunguka kwenye simu za watu hapa, wiki ya pili sasa. Ya kutisha, ati laana ya msituni. Sokwe wake ana zipu mgongoni, unaiona kabisa. Lakini mganga anayemchinja kuku mbele ya sanamu ya mzimu ili Wazungu wafe mmoja mmoja ni wewe! Kijana, umevaa ngozi, midomo inachezacheza. Haji Fadhul, baba mkubwa wa Bruhan, ameiona na amesimamisha nikaha yetu. Anasema kwao hawaoi kwa mchawi.

Hukuwahi kutuambia. Kwa nini? Na mbona unaipa sanamu mgongo, kama mtu mwenye siri yake? Niambie kweli.

Binti yako,
Ramula

Mafubira, Jinja
11 Mei 2025

Mwanangu Ramula,

Waalaykum salaam. Mgongo unauma, mama yako hajambo na anakusalimu. Nami nakujibu kwa karatasi, maana simu ndiyo iliyotuchoma.

Ni mimi. Mwaka wa sabini nilikuwa mchinjaji sokoni Jinja. Wazungu walitaka mtu asiyeogopa kisu, wakanipeleka msituni Mabira. Nimenyamaza kwa aibu tu: mtoto wa Kinubi, mjukuu wa askari, kifua wazi na mifupa shingoni! Marehemu babu yako angenichapa.

Kuku yule alikuwa chakula chetu cha mchana. Ningemchinjaje nikiitazama sanamu? Niligeukia Kibla, nikasoma Bismillahi. Mzungu alifoka sana, lakini hakuwa na mkanda wa kurudia. Ngoma walizitia baadaye, zikafunika sauti yangu. Haji ni Mwislamu, aangalie tena nilivyomlaza kuku.

Lakini umekaa na shaka hiyo wiki mbili bila kuniuliza? Hilo limeniuma.

Baba yako,
Rajab

Nkoma, Mbale
25 Mei 2025

Baba yangu,

Asalaam alaykum wewe na mama. Natumaini mgongo umepoa.

Nilimsomea Haji barua yako. Akaitazama filamu mara tatu, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Huyu anachinja kuku ya kula, bwana! Angalia, mguu yake imekanyaga bawa." Akasema nikaha iendelee.

Kisha akaniuliza kama nimegombana na Bruhan, kwa sababu Bruhan ndiye aliyemletea ile video na kumsihi aivunje posa. Alikutambua kwa picha yako ya ujana, niliyomwonyesha mimi mwenyewe kwa majivuno.

Nilipombana, Bruhan alisema alikuwa anatania. Baadaye akakiri kwamba hakutaka tena kuoa, akaona afadhali wazee wakatae kuliko aseme yeye. Nimekataa mimi, mbele ya Haji.

Nakuja nyumbani Ijumaa. Nisamehe, baba. Wewe nilikushuku wiki tatu nzima; yeye sikumshuku hata siku moja.

Binti yako,
Ramula