Kijiko cha Fundi Vioo

14 Januari

Wifi yangu mpenzi,

Hujambo wewe, na sauti yako, na hao wanafunzi wanaokuharibia nyimbo? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto. Likinusa tu mvuke wa pasi asubuhi, linaanza kulalamika kabla yangu. Mwanangu naye hajambo, anamwamkia shangazi yake.

Umeniuliza kama nimetoka na mtu. Mwenzangu, nimetoka! Miaka sita tangu kaka yako atuache, na wewe dada mtu ndiye unayenisukuma nje ya mlango. Wenzangu wana mawifi wanaowapekulia masanduku. Wangu mimi ananiambia nipake rangi ya mdomo.

Haya, wa kwanza, mwalimu mkuu mstaafu. Alikuja na binti yake. Binti kakaa katikati yetu, katoa karatasi, ananiuliza umri, presha, kama nakoroma. Nikamwambia, mwanangu, nakoroma kuliko mashine za kiwanda chetu cha nguo, ila hebu niambie, aliyekuja kuposa hapa ni wewe au baba yako? Wa pili, dereva wa lori. Huyo alilala mezani, kidevu kifuani. Nilimaliza chai yangu taratibu nikaenda zangu, nadhani yuko pale mpaka leo.

Wa tatu ni fundi vioo. Alikuja kiwandani kututilia kioo kipya kwenye dirisha la chumba cha pasi. Anapima mara tatu, anasimama, anatazama, anapima tena. Nikamwambia, fundi, dirisha halikui hilo. Akacheka, akaniita Bi Pasi. Basi juzi tukaenda kula mgahawani. Chakula kimekuja, vijiko viko mezani vinang'aa. Wifi! Bwana kaingiza mkono mfuko wa shati, katoa kitambaa, kakikunjua, ndani mna kijiko. Kijiko chake! Kakifuta, kaanza kula. Mhudumu anatutazama kana kwamba tumemtukania mamake. Nilitamani niingie chini ya meza.

Haya, cheka. Ndiyo maisha uliyonitakia.

Wifi yako.


3 Februari

Wifi yangu wa pekee,

Pole na goti. Mimi kifua kilikuwa kimebana wiki nzima, lakini barua yako imenitibu, nimecheka mpaka kohozi likatoka lenyewe. Nimeisoma mara mbili peke yangu, mara ya tatu nikawasomea walimu wenzangu. Mwalimu wa hesabu ilibidi atoke nje.

Sasa nisikilize. Kikundi changu cha maigizo kimepewa ukumbi mkubwa. Wanataka igizo la nyimbo, la kuchekesha, kuhusu watu wa makamo wanaotafuta wapenzi. Nimekaa na kinanda siku kumi natafuta mkasa, kumbe mkasa unaniandikia barua! Niruhusu, wifi. Yule binti mwenye karatasi, dereva aliyelala, na huyo bwana wa kijiko. Wimbo wake yeye nimeshaanza kuutunga, na kiitikio kinanasa kama gundi.

Wala usimwache huyo fundi. Kijiko hakijawahi kumvunjia mtu nyumba.

Wifi yako, asiyelala kwa furaha.


19 Februari

Wifi,

Nafurahi kifua kimefunguka. Sisi tuko salama.

Andika, mama, andika! Nani atanijua mimi huko, na yeye nani atamjua? Tena ongeza na hili: tukivuka barabara ananishika kiwiko kwa vidole viwili, kama anashika kioo asiache alama. Na kile kijiko nimekipa jina moyoni. Nakiita mke mwenza. Kila tukikaa kula najisemea, haya, mke mwenza huyo anatoka mfukoni, tupishe.

Jumapili tunaenda kutembea tena. Unaona nilivyo? Namcheka na namfuata.

Wifi yako.


7 Aprili

Wifi yangu,

Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, ila roho inanisuta.

Jana nilimwuliza habari ya kijiko. Nilimwuliza kwa utani, naye akanijibu kwa utulivu wake ule. Mkewe aliugua miaka miwili. Kinywa chote kilikuwa vidonda, na vijiko vya hospitali vilikuwa vinamtonesha. Basi fundi akatafuta kijiko kidogo, akausugua ukingo wake kwa jiwe lile lile analolainishia kingo za vioo, siku tatu, mpaka akaweza kuupitisha juu ya jicho lake lililofumbwa asihisi kitu. Hicho ndicho alichomlishia. Siku ya mwisho mkewe alikula vijiko vitatu. Aliniambia hivyo, vitatu, na akanionyesha kwa vidole. Tangu siku hiyo hajaweza kula kwa kingine.

Nililia pale pale mbele ya watu, na mimi nikilia unanijua. Akanipa kile kitambaa nijifute, kijiko akakishika mkononi.

Wifi, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nakuomba, kama kijiko umekitia kwenye igizo, kitoe. Na lile jina nililokipa lifute, usimtajie mtu. Weka lori, weka mikoromo yangu, weka chochote changu.

Halafu kuna jingine. Amesema mwaka huu atakuja kwako, akuombe wewe ruhusa ya kunioa, kwa kuwa kaka yako hayupo na wewe ndiye mwenye neno. Umri huu, wifi! Miaka arobaini na tisa nakosa usingizi kama msichana. Nijibu upesi.

Wifi yako.


11 Juni

Wifi mpenzi,

Nisamehe kimya cha miezi miwili, mazoezi yamenimaliza, hata chakula nakula nimesimama. Goti linaendeleaje? Mwanetu je?

Habari kubwa: tunaleta onyesho mjini kwenu, Jumamosi ya tarehe 28, saa tisa alasiri. Humu ndani mna tiketi yako. Ni moja tu, viti vimegombaniwa mpaka basi.

Yale ya kijiko niliyaona. Usijisumbue kichwa, hakuna atakayemjua mtu. Fundi unisalimie, ila siku hiyo njoo peke yako tukae kike, tupige soga baada ya onyesho.

Wifi yako mwenye haraka.


30 Juni

Wifi,

Sikukungoja baada ya onyesho, na sitauliza afya yako leo.

Nilipofika kwenye kiti changu, unajua nani alikuwa ameketi kando? Fundi. Kavaa suti ya kijivu, viatu vimepigwa rangi. Aliona bango lenye jina lako akaenda kupanga foleni mwenyewe, tena, kwa kuwa tiketi yangu aliiona, akambembeleza mtu wabadilishane viti ili awe karibu nami. Akaniambia, "Nimeona nianze kumjua wifi mtu kwa kazi yake, kabla sijaenda kumpigia magoti."

Yule binti mwenye karatasi alipoingia, fundi alicheka mpaka akafuta machozi. Kisa hicho nilishamsimulia. Dereva alipolala akanigonga kiwiko. Kisha akaniinamia, anatabasamu: "Na mimi nimo?" Nikamwambia hapana, humo. Nilimwambia humo, wifi, kwa kinywa changu, kwa sababu uliniandikia nisijisumbue kichwa.

Ndipo akatokea huyo mwigizaji wako, tumboni katia mto, kamba ya kupimia shingoni. Akapima meza mara tatu. Fundi akanitazama. Mtu wako akaingiza mkono kotini akatoa kijiko kikubwa kama sepetu, akakibusu, akaanza: mke mwenza, mke mwenza, kalala mfukoni. Watu mia nne wakasimama. Wakashika kiitikio, wakapiga makofi, wengine wanarusha vitambaa. Mimi nikasema basi, jamani, basi. Nilisema kwa sauti, hata wa mbele yangu hakugeuka. Utawazuiaje watu mia nne wasicheke?

Hakuondoka. Laiti angeondoka! Alikaa, mkono kaufunika mfuko, mpaka ubeti wa mwisho. Wenzake walipopiga makofi naye akapiga, mkono mmoja kwenye goti.

Kwenye kituo cha basi akaniambia, "Wifi yako ana kipaji." Akaniuliza, "Hilo la mke mwenza ni neno lake au lako?"

Nikasema langu.

Akasema, "Nilijua. Ni utani wako ule." Akanishika kiwiko akanipandisha kwenye basi.

Niambie, wifi. Barua ya Aprili uliisoma mpaka mwisho au hukuisoma?


9 Julai

Wifi yangu,

Niliisoma.

Sina pa kuanzia. Ilinikuta wiki ya sita ya mazoezi, mabango yameshabandikwa, na ule wimbo ndio uliokuwa unalinyanyua igizo zima. Bila huo watu wangerudi makwao wakipiga miayo. Nikajiambia, fundi mmoja, mji wa mbali, atajuaje? Ndiyo maana nikakutumia tiketi moja. Nilijiona mjanja. Kaka yangu angekuwa hai angenivuta masikio mpaka yang'oke.

Juzi nimewaomba wautoe. Mwenye ukumbi ananitazama kama mgonjwa. Anasema igizo lina mkataba, nilitia sahihi, na watu wanakuja kwa ajili ya wimbo huo. Redio nayo inaupiga asubuhi na jioni. Nimewapigia simu, wameniambia hongera. Nimetunga kitu sina uwezo wa kukifunga mdomo.

Nielekeze la kufanya. Nimwandikie? Nije nimwangukie? Nitukane basi, lakini niandikie.

Wifi yako, tafadhali.


15 Septemba

Wifi,

Miezi miwili sasa. Kila siku namwuliza mtu wa posta mpaka ananikwepa. Goti nalo halijambo? Mwanetu amepona mafua? Nimesikia kwa watu tu.

Nimemwandikia fundi barua mbili. Hajajibu. Igizo limeongezewa miezi mitatu, na mimi sikai pale ukumbini kwa raha wala silali nyumbani kwa raha. Nikiusikia ule wimbo unaanza natoka nje kusimama kwenye magari. Mimi ndiye niliyetaka upate mtu, wifi. Kuliko wote, mimi.

Wifi yako.


2 Novemba

Salamu kwako.

Mimi sijambo. Mwanangu hajambo. Nimekaa kimya si kwa kiburi, sikuwa na neno.

Barua zako fundi alizipata. Alinionyesha. Alisema umeandika vizuri. Na si kwamba ameninunia, hapana, ingekuwa nafuu, aliyenuna hubembelezwa. Tukikutana ananisalimu, anauliza goti. Amenisamehe, na ndicho kinachoniua. Kunichukua matembezini tu ndiko alikoacha, na ile safari ya kuja kwako haitaji tena.

Mwezi wa tisa nilimwona barabarani kabeba kioo kirefu, mikono yote miwili. Watoto wa shule wakamjua, sijui nani aliwaambia, wakamfuata nyuma wakiimba wimbo wako. Mtu aliyebeba kioo hawezi kukimbia, wala hawezi kuziba masikio. Alitembea vile vile, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wa barabara. Niliwafukuza watoto kwa kandambili, na wao wakaona nimo kwenye mchezo, wakazidi.

Hapa kazini nimelitazama lile dirisha wiki nzima nikiomba lipasuke, aje kulitengeneza. Haliwezi kupasuka. Kalipima mno.

Basi nikamwalika kwangu, Jumapili iliyopita, mchana. Nilimwambia njoo ule tu, sina jingine. Akakubali. Nilipika tangu asubuhi. Kisha nikafanya jambo moja, usinicheke, au nicheke, haidhuru. Mezani niliweka sahani mbili, glasi mbili na kijiko kimoja, upande wangu. Vingine vyote nilivifungia kabatini. Upande wake nikaacha wazi. Nilitaka aone pale hapana kitu, ajue nyumba hii hatachekwa, ajue nafasi ile nimeiacha kwa ajili ya kile chake. Maneno nilikuwa nimeyamaliza.

Alikaa. Nikampakulia. Akatazama sahani, akatazama mezani, akanitazama. Mkono ukainuka mpaka kifuani. Akanyoosha kola.

Mfuko ulikuwa bapa, wifi. Haukuwa na kitu.

Chakula kinapoa. Mwishowe akasema, kwa adabu zake zile zile, "Samahani, mama. Naomba kijiko."

Nikainuka, nikafungua kabati, nikampa.

Mjane wa kaka yako.