Mama Agar Apiga Kengele Hotelini

Kamina, Haut-Lomami
Tarehe 9 Desemba 2024

Mpendwa Yaya Éliane, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima, pamoja na harufu ya tope la Kamina, maana mvua imetuvamia tangu Jumamosi na sidhani kama ina mpango wa kwenda popote. Hujambo huko Liège? Goti lako limekubali baridi, au bado mnagombana? Na shemeji Théo, bado anakoroma mpaka jirani wa chini anagonga dari? Watoto nao wanaendeleaje na masomo? Sisi huku hatujambo. Mimi malaria ilinilaza kidogo mwezi wa kumi, nikameza dawa, ikaisha. Mama yako ni mzima, anakula vizuri, na habari zake ndizo zilizonikalisha chini leo.

Unisamehe kukuandikia kwa kalamu utadhani simu hazijafika Kamina. Tatizo ni huyo huyo mama yako. Ukituma ujumbe wa sauti anausikia akiwa jikoni, na kabla sijakujibu ameshanijibia. Barua hii itabebwa na Ismaeli, yule mwana wa marehemu Assumani muuza vitambaa, anayekuja Ubelgiji kutafuta magari ya kununua. Mkaribishe vizuri, na usimpikie nguruwe ukanitia aibu.

Uliniuliza swali moja na ukaniomba nisikufiche: je, kichwa cha Mama Mkubwa bado kiko mahali pake, au ni wakati Théo aje Januari amchukue, akaishi nanyi huko ghorofani? Najua mmeshaulizia tiketi. Najua pia kwamba kilichokutisha ni simu ya mdogo wako Kabwe, aliyekuambia kwamba mama yenu ameingia hoteli ya kifahari alfajiri, amevaa nguo ya ndani tu, anawaamsha wageni kwa kengele. Yaya, hiyo ya nguo ya ndani ni uongo wa Kabwe. Alivaa kikwembe chake cha kanisani, na kitambaa kichwani. Ya kengele ni kweli.

Hoteli yenyewe unaifahamu vizuri sana. Ni internati yetu, lile bweni la wasichana nje ya mji, kwenye barabara ya Kabongo, tulikolelewa wewe na mimi huku mama yako akiwa mlezi wa wote, Mama Agar wao. Tangu shule ihamie mjini, majengo yalikuwa ya mbuzi. Kisha akaja Patroni Ngandu, tajiri wa saruji kutoka Lubumbashi, akayapenda yale matofali mekundu na ile baraza ndefu yenye matao, akanunua kila kitu na kuwafukuza mbuzi. Sasa inaitwa Résidence des Palmiers. Ina nyota nne, ingawa kwa ninavyojua mimi nyota hizo alijipa mwenyewe. Nami ndiye mkuu wa vyumba hapo, nina sare yenye vifungo vya dhahabu na funguo nyingi kuliko askari wa gereza.

Ungeiona ungecheka mpaka machozi. Bafu tulikogombania ndoo, leo watu wanalala humo kifudifudi wakisuguliwa migongo kwa mafuta ya harufu. Katika chumba cha kulia, bukari, ugali wetu ule ule, inaletwa imefinyangwa mfano wa kofia ndogo, na jani moja juu yake, na inaisha kabla vidole havijalowa. Na ile stoo ya mahindi tulikofungiwa kuchambua maharagwe kwa adhabu, ambako wewe ulilia mpaka ukashikwa na kwikwi, ndiyo chumba ghali kuliko vyote. Wanakiita suite présidentielle. Kila nikimwingiza mgeni humo natamani kumpa ungo.

Sasa nikuambie ukweli, maana hata mimi nilikuwa na hofu. Mwaka huu Mama Mkubwa ametia chumvi kwenye chai. Mara ananiita kwa jina la marehemu mama yangu. Siku moja aliniuliza mbona baba yako anachelewa kutoka kazini kwenye reli, na wewe unajua tumemzika tangu lini. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Niliogopa kwamba anatutoka polepole, na niliogopa pia kwamba utamchukua, nami nibaki kuongea na sufuria.

Kwa hiyo Patroni Ngandu alipotaka mama awe mgeni wa heshima siku ya ufunguzi, akate utepe, aseme maneno mawili juu ya historia na alale hapo mpaka Jumapili, mimi nilikataa. Mama yako alikuwa ameshafunga sanduku. Alitia humo mashuka yake, sabuni yake na kitu kizito alichokifunga kwenye taulo, akaniambia nisikiguse.

Ufunguzi ulifana. Mama alikata utepe, lakini kwanza aliuliza ni nani aliyeupiga pasi vibaya namna ile. Wageni walikuwa wengi, na nusu yao walikuwa wasichana wetu wa zamani, leo wanawake wenye magari na waume. Djamila, dada yake Ismaeli, alikuwepo. Siku hizi ni jaji huko Lubumbashi, watu wanasimama akiingia. Mumewe ni mhandisi, mtu mpole, hajui lolote la internati.

Nilimpeleka mama chumbani kwake. Nilikuwa nimemtandikia kitanda kwa mkono wangu, na juu yake nimekunja taulo likawa bata, kama tulivyofundishwa kazini. Alimtazama yule bata kwa muda. Akamkunjua, akavua kitanda chote, akatandika upya kwa mashuka yake. Alisema sheria ni sheria, na yeye si mtu mpya humu. Unaikumbuka sheria hiyo: msichana mpya, siku yake ya kwanza, alikuta kitanda kimetandikwa na mikono ya mama mwenyewe. Kuanzia kesho yake alijitandikia, na ole wake shuka likiwa na mkunjo. Mimi nilisimama pale na bata wangu aliyekufa, sijui kama nicheke au nikupigie simu.

Jumapili alfajiri nikiwa jikoni nikasikia kengele. Nilikuwa sijaisikia tangu ujana wangu, lakini miguu yangu iliikumbuka kabla ya kichwa. Nilijikuta nimesimama wima, mikono mbele, kucha juu, tayari kwa ukaguzi. Mpishi aliniuliza kama ni moto. Nilimwambia ni afadhali ungekuwa moto.

Nilikimbia barazani. Mama yako alikuwa anatembea katikati, mgongo umenyooka, ile kengele ya shaba mkononi, anagonga milango. Milango inafunguka. Na ndani, Yaya, nakuapia, kila mwanamke wetu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda chake. Mke wa mkurugenzi wa benki alikuwa anavuta shuka huku mumewe bado amelilalia. Mwingine alikuwa ameficha nywele za bandia nyuma ya mgongo, maana unajua mama na nywele za bandia. Waume walikuwa wamekaa tu, midomo wazi.

Kwa Djamila ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Jaji mzima yuko na nguo ya kulalia ya hariri, mikono mbele. Mumewe alimuuliza kuna nini. Yeye akamjibu kwa mnong'ono, bila kugeuza shingo:

“Simama muzuri. Mama iko anakuya.”

Na yule mhandisi akasimama. Mama akatazama kucha za mke, akatazama za mume, akatikisa kichwa kwa za mume. Kisha akainama, akainua ncha ya godoro. Chini yake kulikuwa na samaki wakavu wa Kinkondja, wamefungwa kwenye gazeti. Sheria za hoteli zinakataza vyakula vya nje, mimi mwenyewe ndiye niliyezibandika mlangoni.

“Djamila wa Assumani,” mama akasema, “hata leo samaki mu matela?”

Djamila akaangua kicheko, kicheko kikageuka kilio, akamkumbatia mama yako pamoja na kengele. Baraza nzima ikacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Patroni Ngandu alikuwa anakuja amevaa pajama, akiuliza ni nani anayewasumbua wageni wake. Na pia kwa sababu moyoni nilisema basi, imekwisha, anaamini bado tuko shuleni, Éliane atamchukua.

Nilimshika mkono nikamwingiza chumbani kwake, nikafunga mlango. Nilimuuliza polepole, kama tunavyowauliza wagonjwa, kama anajua tuko wapi. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokosea hesabu.

“Tuko ku hoteli ya Ngandu,” akasema. “Fasi mulikuwa munalia juu ya maharagi, leo bantu banalipa juu ya kulala. Weye unazani minyi sijue?”

Nikamuuliza kengele basi ni ya nini. Alikaa kitandani, akaiweka kengele mapajani, akashika ule ulimi wake usilie.

“Ku nyumba munaongea juu yangu sawa vile minyi siko. Éliane anauliza weye kama nilikula, na minyi niko pale pembeni. Nilitaka nione kama iko hata muntu moya anaamuka wakati minyi niko naita.” Akaifuta kengele kwa ncha ya kikwembe. “Bote baliamuka.”

Nilikaa karibu naye, na shuka likajikunja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakunigombeza. Niliona aibu kwa niaba yangu na kwa niaba yako, na nakutumia sehemu yako kwa barua hii.

Patroni Ngandu ukali ulimwisha wakati wa chai, alipokuta vitanda vyote vimetandikwa na wenyewe, na wasichana wangu wa usafi wamekaa hawana kazi. Kabla ya kuondoka, wale wanawake walimfuata kwa pamoja wakamuuliza Mama Agar atakuwepo tena lini. Sasa gari la hoteli linamchukua kila Jumamosi na kumrudisha Jumapili baada ya ibada. Kuna mzungu mmoja wa migodi, hakuwahi kusoma internati yoyote, mama alimgombeza kwa sababu ya kucha. Nilidhani tumempoteza. Wiki mbili baadaye alirudi, amezikata, akazionyesha kabla hajaulizwa.

Basi jibu langu ni hili. Mama yako anasahau, siwezi kukudanganya. Chumvi ilirudi tena kwenye chai wiki iliyopita, tukainywa hivyo hivyo. Siku nyingine zitakuwa mbaya zaidi, na ninajua. Lakini huko ghorofani kwenu, mkishakwenda kazini na watoto shuleni, atamwamsha nani? Ninakuomba, Yaya, usimkatie Théo tiketi. Tumia hizo nauli uje wewe, hata kama ni kwa Pasaka, umwone kwa macho yako. Mimi nipo, sichoki naye, na nikichoka nitakuambia bila haya.

Msalimie sana shemeji Théo, na mwambie sijamnyima mama mkwe, nimemwahirishia. Wabusu watoto wote, na kitindamimba aambiwe mama yake mdogo wa Kamina anataka picha yake isiyo na ulimi nje. Kabwe anakusalimu, ingawa kwa huo uongo wake hastahili kuwemo humu. Djamila naye amesema nikufikishie salamu, na kwamba samaki hakuwanyang'anywa. Mungu awalinde njiani na nyumbani, awape joto katika baridi hiyo, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Mdogo wako akupendaye kwa moyo wote,
Germaine

Nyongeza: Nimeshikwa. Alikuja nyuma yangu bila kiatu, akaisoma barua yote akiwa amesimama, akasema mwandiko wangu umeharibika. Kisha akaninyang'anya kalamu. Haya yanayofuata ni ya mkono wake.

Éliane, kitanda yako iko ku Ngandu, ile ya pembeni ya dirisha. Niliisha kuitandika. Siku ya kwanza njo minyi. Kesho yake utajitandikia weye mwenyewe.
Mama