Ruta Bandia na Kamera ya Uani

Jumatatu, 3 Februari

Bado haijaamka. Nimeiwasha tena baada ya chai, ikajikokota, ikafika palepale inapokwamia kila siku, ikazima. Ruta bandia. Haina taa, haina waya, huwezi kuishika. Ni programu ya ruta ya kweli, ile inayokaa ndani ya kile kisanduku cha intaneti, nami nataka kuiendesha ndani ya laptopu ili nijifunze kuivunja. Mtihani wangu wa usalama wa mitandao ni mwezi wa nne. Ni wa vitendo. Ukijua kwa mdomo tu, unaanguka.

Joto la Garissa halina adabu. Laptopu inachemka kuliko birika. Nimeiweka juu ya sufuria iliyopinduliwa ipate hewa chini. Mama Hodan, mke wa mjomba wangu, ameuliza kama naipika.

Naandika Kiswahili kwa sababu moja. Humu ndani tunaongea Kisomali. Kiswahili ni cha shule, ofisi na wageni. Hakuna atakayejisumbua kukisoma.

Jumatano, 5 Februari

Imeamka! Wallahi imeamka.

Ruta ya kweli ikiwaka huiuliza chipu yake maswali: mimi nani, anwani yangu ipi. Yangu ilikuwa inauliza, haipati jibu, inakata tamaa. Nikaiandikia majibu ya uongo. Ikayameza yote. Ukurasa wa kuingilia ukatokea kwenye kioo, na nembo yake, sawasawa na ule wa ruta iliyo sebuleni kwetu.

Aina hii niliichagua makusudi. Abti Shueb anaiuza dukani kwake, na nilitaka kuanza na kitu ninachokijua. Abti ni mjomba kwa Kisomali; huyu ni kaka wa mama. Amenilea kama binti yake tangu darasa la nne, mama akabaki Lafey na mifugo. Shule, chuo, hii laptopu, vyote ni yeye.

Nimecheka peke yangu chumbani. Hodan, binti yake, anaolewa wiki ijayo. Amechungulia mlangoni akasema bibi harusi ni yeye lakini mwenye raha ni mimi. Kweli kabisa.

Ijumaa, 7 Februari

Nimetengeneza kompyuta ya pili ndani ya laptopu, bandia vilevile. Nimeiita Mgeni. Mgeni yuko nje, mbali, hajui neno la siri la mtu yeyote. Kazi yake ni kujaribu kuingia.

Nikapekua mafaili ya ruta. Ndani kabisa nikakuta jina la fundi wa kiwandani, na neno lake la siri pembeni. Halibadiliki. Mwenye ruta abadilishe la kwake mara mia, la fundi linabaki. Na mlango wa nje uko wazi. Mgeni akaandika jina lile, akaingia. Akaona kila kilichounganishwa.

Nilipiga kofi kwa furaha. Furaha ikadumu mpaka nilipoinuka kwenda kunywa maji.

Sebuleni ruta ya kweli inapepesa taa. Aina ileile. Programu ileile. Na iliyounganishwa nayo ni kamera ya uani, aliyoiweka Abti baada ya mbuzi wetu kuibiwa.

Ukuta wa ua wetu ni mrefu. Ndani ya ukuta ule mwanamke huvua jilbabu, husuka nywele, hujifukiza uunsi nguo ikiwa imelegea. Ndiyo maana ukuta ukajengwa. Na Alhamisi ijayo wanawake wa bulla nzima, mtaa wetu wote, watakuja kumwimbia na kumchezea Hodan buraanbur. Wamejipamba, hawajajifunika. Simu zote zitakusanywa mlangoni kwenye beseni, zifunikwe na leso, asipige mtu picha. Kamera itakuwa juu yao ukutani.

Naogopa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemwendea Abti dukani. Nikaeleza polepole. Akacheka, akaniita daktari wa masanduku. Nikasema kamera ya nyumbani inaweza kuonekana. Kicheko kikaisha.

Akasema kamera ile inaonekana kwa simu yake tu, na siku ya wanawake haifungui, anamwogopa Mungu. Nikasema si yeye ninayemsema. Akasema, "Basi unamsema nani, na simu ni yangu?"

Nikaomba nizime kamera mpaka harusi ipite. Akakataa. Siku hiyo dhahabu za watu zitajaa vyumbani, ndiyo siku ya kuiacha ikiwaka. Nikaomba angalau niifunike kitambaa. Hapo akanuna. Mke wake akiona kitambaa atauliza kwa nini leo, na juzi je? Nimeelewa. Kuifunika ni kukiri kwamba kulikuwa na cha kufichwa.

Nikaomba ruhusa ya kuifungua ruta ya sebuleni niangalie. "Baada ya harusi." Na niliporudi nyumbani nikakumbuka jambo lingine: nusu ya bulla imenunua ruta hizi kwake.

Jumapili, 9 Februari

Naweza kuingia. Nikiwa hapa hapa kitandani. Niandike lile jina la fundi, nizibe mlango, nitoke. Hakuna atakayejua.

Sitaingia. Somo la kwanza tulilofundishwa ni ruhusa. Anayeingia bila ruhusa ni mwizi, hata kama amekuja kufunga dirisha.

Lakini Alhamisi iko karibu na nimekasirika.

Jumanne, 11 Februari

Nimefanya nililodhani ni la busara. Nikiwa sina ruhusa ya ruta ya kweli, nitawaonyesha wenye ua ile ya bandia.

Walikuwa uani wanakaanga halwa: Mama Hodan, Hodan, na jirani yetu Shamso. Nikaleta laptopu. Nikaunganisha kamera bandia, nikaipa picha ya beberu wa Abti ionekane kama ndiye anayepigwa picha. Nikasema huyu hapa Mgeni, hatumjui, yuko popote duniani. Mgeni akaingia. Beberu akatokea kwenye kioo, na ndevu zake.

Wakacheka sana. Hodan akauliza ni mchumba wa nani huyo. Halafu Mama Hodan akainua macho ukutani, akaitazama kamera ya kweli, akavuta shungi lake. Hakuna aliyecheka tena.

Shamso akauliza, "Kwa hiyo Shueb anatuona akiwa dukani?"

Nikajibu kama mtu wa mtihani. Nikasema, "Anaweza, lakini..."

Hawakungoja hiyo lakini.

Jumatano, 12 Februari

Bulla nzima inasema Shueb anatazama wanawake. Ulimi hauna mfupa. Wamenihesabu mimi kuwa shahidi.

Alhamisi, 13 Februari

Buraanbur imechezwa kwa Shamso. Ngoma tunaisikia kutoka hapa. Ua wetu ulioshwa tangu jana, mikeka imetandikwa, hakuna aliyekuja. Hodan alitoka kwao na hina mikononi, akaenda kusherehekewa ua wa jirani. Mama Hodan alimfuata bila kumwangalia mumewe.

Abti aliingia baada ya adhuhuri. Alikuwa ameambiwa msikitini, kwa upole, na mtu wa rika lake. Naona upole ndio uliomuumiza zaidi.

Akinikasirikia hunifokea, kisha hasira huisha. Leo hakufoka. Alisema nami Kiswahili. Kiswahili chake cha kuvunjika, p ikiwa b, kama anaongea na mtu wa ofisi aliyekuja kukagua duka.

"Wewe umeambia watu mimi naangalia wanawake yao? Mimi ni mtu ya bicha? Kombyuta nimekununulia mimi, halafu unaniuza nayo."

Nikasema sikusema hivyo. Nikasema ruta ya sebuleni inaandika kila anayeingia, nipe ruhusa nisome, huenda humo ndimo kuna ushahidi wa kukusafisha. Nadhani alisikia neno ruta tu. Akaenda sebuleni akaing'oa ukutani, waya na betri yake ya sola.

Nilipiga kelele. Nilikuwa nimechelewa. Ruta hizi huandika kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Ile ilikuwa haijazimika kwa muda mrefu, betri ikiilinda. Sasa ni tupu. Kama kuna mtu aliwahi kuingia, kama hakuna, hatutajua kamwe. Abti amefuta kwa mkono wake kitu pekee ambacho kingemtetea.

Ngoma bado inalia kwa Shamso. Nimeziba masikio na mto.

Ijumaa, 14 Februari

Nikahi imefungwa. Wanaume walikuja, wakala, wakaondoka mapema. Abti alimtoa binti yake akiwa amesimama wima. Watu walimsalimia kwa ncha za vidole.

Hodan aliponikumbatia alininong'oneza, "Baba hawezi kufanya hilo." Nikamwambia najua. Akasema, "Basi waambie."

Ningewaambia nini? Ninaweza kumsafisha Abti kwa neno moja. Niseme: si yeye, mlango ulikuwa wazi kwa dunia yote. Lakini hilo ni kumwambia kila mwanaume wa bulla kwamba pengine mke wake ametazamwa na watu asiowajua, na ruta yenyewe ameuziwa na Shueb. Aibu moja ni ya mtu mmoja. Ya pili inaingia kila nyumba. Sijui nani aliyenipa mimi haki ya kuchagua.

Najichukia kwa lile jibu. Lilikuwa sahihi na lilikuwa la kipumbavu.

Jumapili, 16 Februari

Sikutegemea. Baada ya swala ya alasiri mjomba alisimama mlangoni pangu. Akasema, "Abti, nionyeshe."

Kwetu mjomba naye humwita mpwa wake abti. Hakuwa ameniita hivyo tangu Alhamisi. Ilibidi nijifanye natafuta chaja ili asinione macho.

Nikamkalisha mbele ya laptopu. Sikueleza kitu. Nikamwambia, wewe ndiye Mgeni. Huijui nyumba hii, huijui bulla hii, huijui Kenya. Andika. Akaandika jina la fundi kwa kidole kimoja, herufi moja moja, miwani ikiwa puani. Akabonyeza. Beberu wake akatokea.

Akamgusa yule mbuzi kwa kidole kwenye kioo.

Akauliza kama kuingia hivyo kungehitaji simu yake. Nikasema hapana. Kama kungehitaji neno lake la siri. Hapana. Kama yeye mwenyewe angekuwa amekufa, ingewezekana? Nikasema ndiyo, Abti, hata ukiwa umekufa.

Akauliza kama ruta zote alizouza ziko hivyo. Nikasema za aina hii, zote. Nikamweleza lile lililonikosesha usingizi: akinyamaza, maneno yatachoka yenyewe siku moja, na atabaki mtu mmoja aliyesingiziwa. Akisema, atakuwa mtu aliyeuza.

Aliomba maji, akanywa, akatoka.

Jumatatu, 17 Februari

Duka limefungwa. Wateja waliofika walikuta kufuli.

Ametembea nyumba kwa nyumba. Nilikwenda naye kwa sababu aliniambia nibebe laptopu, ingawa katika nyumba nyingi hakunipa nafasi hata ya kuifungua. Anapiga hodi, anasubiri mwenye nyumba, anakataa kukaa. Anasema maneno yaleyale. "Nilikuuzia mlango usiofungika. Sikujua. Sasa najua. Zima ile ruta leo, nitakuletea nyingine, na kama una kamera, itoe ndani ya ua." Basi. Hakusema neno juu ya uvumi. Hakujitetea hata mahali pamoja. Nilitaka ajitetee! Nilikuwa tayari na mbuzi wangu.

Wengine walimshukuru. Mmoja alikataa katakata, akasema ruta yake inafanya kazi vizuri na Shueb anatafuta biashara. Mzee wa nyumba ya bluu alimwuliza mbele yangu kama wake zake wameonekana. Abti akageuka akanitazama. Nikasema hatuna njia ya kujua. Mzee akafunga mlango taratibu sana. Ningependa aufunge kwa kishindo.

Kwa Shamso aliitikia Shamso mwenyewe, mumewe yuko Liboi kwa biashara ya ng'ombe. Alisikiliza yote akiwa nyuma ya pazia. Kisha akasema, "Shueb, mimi nilisema maneno." Abti akasema amesikia. Akamwambia azime ruta.

Miguu inaniuma. Najivunia mtu huyu kuliko ninavyoweza kuandika.

Alhamisi, 20 Februari

Kumetulia. Hodan amekwenda kwake. Nyumba ina nafasi nyingi ghafla.

Abti amepata ruta za aina nyingine. Kabla ya kuuza hata moja amenipa programu yake niiamshe kwanza ndani ya laptopu, na Mgeni aijaribu. Asubuhi yote Mgeni amebisha, hajaingia. Hiyo haimaanishi haingiliki. Nimemwambia Abti hivyo, naye ameanza kuwaambia wateja hivyohivyo, jambo ambalo si zuri kwa biashara.

Kamera ameitoa ukutani. Sasa iko nje, inatazama zizi.

Baada ya adhuhuri nilikaa uani na Mama Hodan, tunachagua mchele. Tulikuwa wawili tu. Hakuwa ameniuliza chochote siku zote hizi. Akauliza bila kuinua kichwa.

"Kuna mtu aliniona?"

Nilitaka sana kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni. Nani angenibishia? Kumbukumbu imefutika.

Nikasema, "Sijui."

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. Akasema, "Ungesema hapana tu, mama."

Tukaendelea kuchagua, yeye na shungi lake kichwani, ndani ya ua wake mwenyewe.