Mzee Gaspard Hakupisha

Kigali, Jumanne, Novemba 1994

Bado namwona mzee Gaspard, mlinzi wetu, amesimama na fimbo yake kwenye mlango wa wodi ya wazazi.

Saa nane mchana askari mmoja alikuja mbio, bunduki begani, anamtafuta mkewe tuliyemzalisha kwa upasuaji asubuhi.

"Bibi yangu iko mule! Fungua!"

"Ingia, afande. Ila bunduki haiingii."

Askari akaikoki. Mimi muuguzi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, na nakiri mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa. Ningemfungulia.

Mzee hakusogea. "Mule iko wamama wenye wameona mengi," alisema polepole. "Wakiona hiyo kitu watakimbia na mishono yao. Na bibi yako pia."

Kisha askari akatoa risasi kwenye bunduki, akampa mwenzake aliyekuwa amemfuata pale nje, akaingia mikono mitupu. Nilipompakatisha binti yake, askari yule alilia kwa sauti. Wiki iliyopita, mzee akiwa hayuko zamu, aliingia askari mwingine na silaha, wagonjwa wakajificha uvunguni mwa vitanda. Leo hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Miaka yote niliyofanya kazi kwetu Tanzania, kabla ya kuja hapa, sikuwahi kumwuliza mlinzi hata jina lake.

Jioni nilimpelekea mzee chai.

"Dada, niliogopa sana," alisema. "Lakini nikimpisha huyu leo, kesho nitamzuia nani?"

Nikamwongezea chai.