Maji Kwenye Asidi

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Huku hatujambo, sijui nyie na mafua ya Mama. Kazi nimeizoea. Baba Mdogo ananiachia karakana ya betri asubuhi nzima na hanung'uniki, na unamjua mdogo wako alivyo.

Sasa nina kesi na wewe, mwalimu. Ulitukaririsha darasa zima tumesimama: "Asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi." Nilikosea mara moja ukaninyima mapumziko wiki nzima, na mimi mwanao wa kuzaa. Basi huku kutwa naongeza maji kwenye betri zenye asidi, na hakitokei kitu, hata povu. Yale yote tuliyokariri yana faida gani?

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba, mama. Mafua yamehamia kwangu, ila napumua. Barua yako imenichekesha, halafu ikaninyima raha. Nimefungua daftari langu kutafuta sababu ya ile kanuni. Sababu haipo. Ipo sentensi tu, kama nilivyoipokea kwa mwalimu wangu. Miaka ishirini na sita naifundisha, na asidi yenyewe sijawahi kuiona.

Pengine vitabu vimezeeka. Wewe uliyepo kazini, fuata kazi inavyokwenda.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sisi si wazima.

Jumatatu Baba Mdogo alileta dumu la asidi kali, ile isiyochanganywa, ili tuchanganye wenyewe. Niliimimina kwenye ndoo, nikachukua maji. Ile sentensi ilinijia yote, kwa sauti yako. Nikacheka peke yangu, nikasema mwalimu mwenyewe ameshaifuta. Nikamimina maji. Ndoo ilichemka papo hapo, ikaruka. Baba Mdogo alikuwa ameinama kunishikia ndoo, ikampata usoni. Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile. Nilimshikilia kichwa chini ya bomba mpaka gari likaja.

Fundi wa jirani ananiambia asidi ya ndani ya betri huwa imeshachanganywa na maji mengi, ndiyo maana ilikuwa inatulia. Kumbe.

Jicho la kushoto limekwenda. La kulia limefungwa bandeji, hatujui.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Nimeisoma nimesimama mlangoni, na nimeshindwa kuingia ndani. Mama yako anauliza kuna nini, nasema hakuna kitu.

Si wewe uliyemimina. Ni mimi. Nilikuwa na jambo la kweli, nikaliacha kwa sababu niliona aibu kusema sijui. Mwalimu wa kemia wa sekondari anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Jana nilimuuliza, akanieleza kwa dakika mbili. Dakika mbili, mama.

Mwambie mdogo wangu kwamba ni mimi. Mwenyewe siwezi.

Baba yako

27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Bandeji ilifunguliwa jana. Jicho la kulia linaona mwanga na vivuli, kusoma hawezi, kwa hiyo barua yako aliniomba nimsomee. Nilipofika kwenye "ni mimi" nikaruka, nikasoma salamu za Mama ambazo hukuziandika.

Akauliza, "Hayo tu?"

Nikamwambia hayo tu.

Akasema, "Mwandikie kaka ashukuru Mungu, mwanawe hakuumia."

Nimeandika kama alivyosema. Sasa njoo umwambie mwenyewe. Mimi mara ya pili sitaruka.

Mwanao