Chumvi Chini ya Lami

Jumatatu, 5 Juni 2017

Msasa tangu asubuhi. Milango miwili ya teksi, boneti moja. Vumbi limejaa mdomoni na nimefunga, kwa hiyo natema tu. Baridi kali. Vidole havikupata uhai mpaka saa nne.

Saa nane Mama Furaha akaleta pikapu yake. Taa ya breki haiwaki. Waya tu, kazi ya dakika kumi. Nilipolala chini kuufuata huo waya nikaona tone. Rangi ya kutu. Limetokea chini ya lami nyeusi niliyoipaka mwenyewe, pale springi ya nyuma ya kushoto inaposhikwa na chesisi. Nikalifuta kwa kidole gumba. Likarudi.

Akauliza kuna nini huko chini. Nikasema vumbi.

Funga ya tisa leo. Tumbo limefunga, ulimi unakula mchana.

Jumanne, 6 Juni

Niandike, maana hakuna wa kumwambia.

Mama Furaha ni Mkongo wa Uvira, anauza samaki mtaa wa Hillbrow, jijini hapa. Kila wiki mdogo wake, Espoir, anaendesha pikapu hadi Durban na kurudi na makreti ya samaki kwenye barafu yenye chumvi. Barafu inayeyuka njia nzima, maji yanachuruzika kwenye bodi mpaka kwenye chesisi. Hakuna chuma kinachovumilia hayo.

Novemba aliniletea nimtolee kutu. Nikajigamba. Nikamwambia mimi mtu wa Tanga, baba yangu alikuwa fundi wa magari ya samaki, chumvi naijua tangu sijaota meno. Nikamweleza mzee alivyokuwa akifanya. Unaosha chini ya gari kwa maji ya bomba. Unangoja yadondoke. Unakinga tone kwa kidole, unaonja. Ukisikia chumvi, unaosha tena. Hupaki kitu mpaka ulimi ukuambie haya ni maji tu.

Aliipenda sana hiyo habari ya kuonja.

Wakati ule jiji lilikuwa limekataza mpira wa maji kwa sababu ya ukame. Ndoo ziliruhusiwa. Bomba liko hatua arobaini kutoka gereji. Nikaona uvivu. Nikapiga brashi ya waya juu juu, nikapaka lami nene juu ya chumvi yake, nikaziba hata vitundu vya kutolea maji. Siku mbili, kazi imekwisha. Alipokuja kuchukua gari nikamwambia nimeosha mara tatu, nimeonja mara tatu.

Uongo wa bure. Hakuwa na haraka, angesubiri wiki nzima kama ningemwomba.

Alhamisi, 8 Juni

Kazi haiendi. Nimeharibu rangi ya mlango, nimeanza upya.

Chumvi ikifungiwa chini ya lami inakula chuma polepole na hakuna anayeiona. Nalijua hilo kuliko fundi yeyote wa mtaa huu. Asiyejua ana pa kujitetea. Mimi sina.

Magharibi Espoir akaleta sahani. Mama Furaha ni Mkristo, anaimba kwaya, lakini kila Ramadhani ananitumia samaki wa kukaanga wa kufuturia. Kila siku, hakosi. Nikala. Alikuwa mtamu. Nilijichukia kila tonge.

Jumamosi, 10 Juni

Nimekwenda Hillbrow kumwambia. Maneno nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga kwenye kila robot, taa za barabarani, niliposimama kuvuka barabara. Nikamkuta kibandani na wanawake wa kwaya. Hata salamu sijatoa, akanishika mkono.

“Muone huyu. Ni yeye fundi mwenye kuonja magari.”

Wakacheka kwa furaha, wakapiga makofi. Mmoja mwenye kilemba cha njano alicheka huku kaziba mdomo kwa mkono. Kumbe Ijumaa, siku ya mapumziko, wanakwenda kwenye mkutano wa kanisa Durban. Watapanda nyuma ya pikapu chini ya turubai, na ngoma zao na masufuria yao.

“Bamama munane. Gari iko nguvu, si uliitengeneza weye?”

Nikasema inshallah. Nikanunua dagaa nisiowahitaji, nikaondoka.

Jumatatu, 12 Juni

Nimeomba gari. Nimesema nataka kuangalia breki kabla ya safari. Uongo mwingine, ila huu niliukusudia kwa wema.

Jeki, stendi za chuma za kushikilia gari, nikaingia chini. Nikagonga. Sauti ya kadibodi. Nikasukuma bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Unga mwekundu ukanimwagikia usoni.

Kukata na kuchomelea bamba jipya ni siku mbili. Siku nilikuwa nazo. Lakini angeuliza kwa nini, na mimi ningejibu nini? Nikiwa bado nimelala pale nikasikia Espoir yuko getini, anauliza kama breki ziko sawa.

Nikachukua brashi nikapaka lami juu ya tundu.

Nimeliandika. Ni mkono huu huu. Espoir akashukuru, akaondoka na gari.

Jumanne, 13 Juni

Samaki ameletwa. Nimempa mlinzi wa geti.

Jumatano, 14 Juni

Siku nzima naiona ile miteremko ya milimani kabla ya Durban. Naiona springi inachomoka. Sijui hata majina ya wale wanawake. Namjua mmoja tu, kwa kilemba.

Najiambia imeshikilia miezi saba, itashindwaje safari moja. Maneno hayo yananuka hata kwenye karatasi.

Naogopa nini hasa? Hasira za Mama Furaha siziogopi. Naogopa wasiniite tena fundi mwenye kuonja. Ni hilo tu. Kwa ajili ya sifa hiyo nawapandisha watu wanane kwenye gari bovu. Mtu mzima, ndevu zina mvi.

Ijumaa, 16 Juni

Nimekula daku, nimeswali, nimetembea kwa miguu hadi Hillbrow. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri. Nikawakuta wamekwishapanda, ngoma zimefungwa kamba, Espoir yuko kwenye usukani.

Nikasimama mbele ya boneti. Nikasema yote. Sikuosha. Sikuonja. Jumatatu nimeona tundu nikalipaka lami. Wakadhani natania. Ndipo nikalala barabarani na kanzu yangu ya Ijumaa, nikamwomba Mama Furaha achuchumae, nikampa bisibisi, nikamwonyesha mahali. Akasukuma mwenyewe. Ikazama. Akaichomoa, akautazama ule unga kwenye ncha.

“Mara tatu, fundi. Ulisema mara tatu.”

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Wanawake wakashuka mmoja mmoja, wakishikana mikono. Wa kilemba cha njano alibeba sufuria, akanizunguka kwa mbali kama anakwepa dimbwi. Wakaenda stendi kutafuta teksi.

Nilikwenda swala ya Ijumaa na doa la lami mgongoni. Niliulizwa. Nikasogea safu ya nyuma.

Magharibi hakuna sahani. Nilijua, lakini nilisogea getini kuangalia. Aibu juu ya aibu.

Jumatatu, 19 Juni

Espoir kaileta pikapu mwendo wa kobe, tupu. Mama Furaha alikuwa pembeni yake. Nilimwambia nitaitengeneza yote bila malipo, yeye aende tu nyumbani, nitampigia. Akageuza kreti, akakaa.

“Minabaki hapa. Minataka kuona na macho yangu.”

Nikabandua lami yote. Nilitumia mpira, siku hizi maji hayakatazwi. Nikaosha chini, kila kona, mpaka ndani ya chesisi. Maji yakaanza kudondoka. Nikanyoosha kidole, nikakumbuka nimefunga. Nikabaki nimekinyoosha hivyo hivyo, sijui nikipeleke wapi.

Akainuka. Akainama chini ya gari na gauni lake, akakinga tone, akaonja, akatema.

“Ingali chumvi.”

Nikaosha mara ya pili. Ingali. Ya tatu, ile niliyomdanganya. Ingali. Ya nne. Ya tano. Kila mara anainuka kwenye kreti, anainama, anaonja, anatema, anarudi kukaa. Hanitazami. Mara ya sita akakawia. Akaonja tena kwa kidole kingine.

“Maji.”

Mara sita. Ningeosha kweli zile tatu zangu, bado zisingetosha. Nilidanganya hata kipimo sikijui.

Alhamisi, 22 Juni

Nimekata kipande kibovu chote mpaka nilipokuta chuma cheupe. Nimechomelea mabamba manene, pande zote mbili ili yalingane. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu, nimepaka mikono miwili. Nta ya moto ndani ya chesisi. Vitundu vya maji nimevizibua kimoja kimoja kwa msumari. Lami sikupaka, nimeacha wazi ili kutu ikija ionekane.

Alikuja siku zote nne. Alileta chakula chake kwenye kopo na hakukifungua mbele yangu hata siku moja. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Nikamwambia Espoir kila akitoka Durban apitie hapa, nioshe siku hiyo hiyo chumvi haijakaa. Mama Furaha alisikia. Aligonga bamba jipya kwa bisibisi mara kadhaa, akapanda gari, wakaondoka.

Kanisani Mama Furaha amesema yote. Wakongo wawili wamekuja kuchukua magari yao, moja lilikuwa bado halijapakwa rangi. Nimewasaidia kulisukuma.

Jumatatu, 26 Juni

Idi. Tumekula pilau kwa Watanga wenzangu. Mmoja akauliza mbona mwaka huu samaki wa Mama Mkongo hatukumwona siku za mwisho. Ningeweza kusema anaumwa. Nikawaeleza. Wakaendelea kula, kisha wakazungumza mpira.

Jumapili, 9 Julai

Espoir amepita kutoka Durban saa tisa. Peke yake. Mama yuko kibandani, amesema. Makreti ameshayashusha huko, pikapu inanuka bahari. Akaniachia funguo, akaenda kununua chipsi.

Gereji imefungwa leo, hakuna mtu uani. Kreti alilokalia Mama Furaha lipo palepale alipoliacha. Sijaligusa.

Nikaosha mara moja. Nikaosha ya pili. Espoir akarudi na chipsi zake, akasimama getini, akauliza kama tayari. Kwa macho chini kulikuwa kweupe kabisa. Nikakinga tone, nikaonja.

Bado. Nikafungua maji tena.